K-Lite, MPC-HC na LAV kwenye HP iliyotumika: harusi ya 2005 imeonekana upya

Kazi yangu ni kuhamisha mikanda ya harusi kuwa faili. Watu wananiletea MiniDV zilizolala kabatini miaka mingi, DVD zenye mikwaruzo, na siku hizi flashi zilizojaa video za simu za wageni. Nawaunganishia, nawasafishia, wanaondoka na kitu cha kuangalia kwenye runinga nyumbani. Nipo Tanga, Ngamiani, chumba kimoja chenye meza mbili. Meza ya kwanza ina kompyuta nzee yenye kadi ya FireWire, hiyo ni ya kunyonya mikanda tu. Ya pili ina HP EliteBook 840 G1 niliyoinunua ikiwa imeshatumika: prosesa i5-4300U ya kizazi cha nne cha Intel, RAM gigabaiti 8, Windows 10. Programu za kufungua na kuchezea video ninazozitathmini hapa, yaani K-Lite, MPC-HC na LAV, nazitumia kwenye hiyo HP. Naitaja mapema kwa sababu programu za video hubadilika tabia kulingana na chipu iliyo chini yake, na mwenye mashine nyingine ataona mambo mengine.

Muda mrefu nilitumia programu niliyowekewa dukani siku ya kununua mashine. Ikicheza, nilijua inacheza. Siku moja akaja mama mmoja kutoka Chumbageni, ameifunga DVD kwenye leso.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Humu yumo baba watoto wangu, anacheza. Nataka wajukuu wamwone vizuri."

Mumewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Nikaunganisha kisoma DVD cha USB, maana 840 G1 haina tundu la diski, nikaiweka. Harusi ya mwaka 2005, ukumbini, taa za rangi. Mzee akaingia katikati akaanza kucheza. Kila mikono yake ilipokwenda kasi, kingo zake zikaota meno, mistari myembamba ya mlalo kama chanuo. Aliposimama yakapotea. Alipogeuka yakarudi, safari hii usoni. Mama akaniuliza kama diski imeharibika, nikamjibu kwamba naona imeharibika. Akaikunja tena kwenye leso yake akaondoka.

Diski ilikuwa nzima. Jibu lile linaniuma hadi leo, na ndilo lililonifanya nianze kujifunza.

Fundi wa duka moja la kompyuta alinishauri ninunue mashine mpya ya milioni na ushee. Nilikaribia kufanya hivyo. Kilichonizuia ni kijana mmoja mwenye kazi kama yangu aliyeniuliza swali moja tu: king'amuzi chako ni kipi? Sisi Watanzania neno king'amuzi tumelizoea tangu mwisho wa 2012, mitambo ya analojia ya televisheni ilipozimwa Dar es Salaam na kila nyumba ikatafuta kisanduku. Ndani ya kompyuta king'amuzi ni kipande cha programu, na kazi yake inafanana sana na ya kisanduku kile.

MP4, MKV na AVI ni mifuko. Ndani ya mfuko kuna picha iliyobanwa na sauti iliyobanwa, na namna ya kubana ndiyo inaitwa kodeki. DVD hutumia MPEG-2. H.264 ilitoka mwaka 2003 na ndiyo imeenea kuliko zote. HEVC ilifuata mwaka 2013, AV1 mwaka 2018. Kila kodeki mpya hubana zaidi ya iliyotangulia, na kila inapobana zaidi, kufungua kunakuwa kazi nzito zaidi. King'amuzi hufungua picha hizo moja moja, 25 au 30 au hata 60 kwa sekunde, bila kuchelewa. Kazi hiyo inaweza kufanywa na prosesa kwa nguvu zake za kawaida, au na saketi maalumu iliyochongwa ndani ya chipu ya michoro. Saketi hutumia umeme kidogo na feni inanyamaza. Lakini saketi inajua kodeki zile tu ilizozaliwa nazo, haifundishiki mpya.

Hapo ndipo nilipoielewa mashine yangu. Kizazi cha nne cha Intel kina saketi nzuri ya H.264, lakini hakina saketi kamili ya HEVC. Kizazi cha sita kilileta HEVC ya biti 8 (biti zikiongezeka, ngazi za rangi zinaongezeka). Cha saba kikaongeza HEVC ya biti 10 pamoja na VP9, kodeki inayopendwa na YouTube. AV1 ilisubiri hadi cha kumi na moja. Ukiijua ngazi hii utaacha kuilaumu mashine kwa jambo lisilo lake.

Sasa programu. K-Lite Codec Pack ni kifurushi cha bure kinachokuja kwa ukubwa wa aina nne: Basic, Standard, Full na Mega. Mimi natumia Standard. Basic haina programu ya kuchezea, na hizo kubwa mbili zina vitu ambavyo mtu wa kuangalia video tu hatavigusa. Ndani ya Standard muhimu ni viwili. Kimoja ni LAV Filters, kazi ya Hendrik Leppkes, iliyojengwa juu ya FFmpeg (maktaba ya programu za kufungua video), na hicho ndicho king'amuzi chenyewe. Kingine ni MPC-HC, dirisha la kuchezea. Watengenezaji wake wa awali walisimamisha kazi mwaka 2017, lakini mtu mwingine, huyo huyo anayetunza K-Lite, ameendelea kuirekebisha na kutoa matoleo. Nimeitumia miaka miwili, na mivurugo niliyoiona haizidi vidole vya mkono mmoja.

Usakinishaji ni dakika tatu. Chukua kutoka tovuti ya wenyewe, codecguide.com, usichukue kwingine. Nasisitiza hili kwa sababu kabla yake niliingia tovuti moja iliyoahidi kodeki zote kwa mpigo, na nilichopata ni kivinjari kilichojaa matangazo, pamoja na siku nzima ya kusafisha mashine wakati wateja wananisubiri. Faili yoyote ya video inayokuambia upakue kodeki fulani ndipo ifunguke, ifute.

Mipangilio ya LAV ndiyo inayostahili muda wako. Fungua MPC-HC, bonyeza herufi O, nenda kwenye vichujio vya ndani (Internal Filters), kisha king'amuzi cha video. Linafunguka dirisha lenye maandishi mengi ya kutisha. Yatazame kwa utulivu. Juu kulia kuna orodha ya saketi: QuickSync, DXVA2, D3D11. Kwenye HP yangu nimechagua DXVA2 ile ya kunakili (copy-back), yaani saketi inafungua picha halafu inairudisha kwenye programu ili iweze kusafishwa zaidi. Chini yake kuna tiki za kila kodeki. H.264 nimeiwekea tiki. MPEG-2 nimeiondolea, kwa sababu ni nyepesi, prosesa inaimudu peke yake, na mimi nataka LAV yenyewe ishughulikie meno.

Ndiyo, meno. Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo sababu ya kuandika.

Kamera za zamani za mfumo wa PAL, huu wetu, zilirekodi fremu 25 kwa sekunde, lakini kila fremu ilipigwa kwa nusu mbili. Kwanza mistari ya shufwa, halafu baada ya sehemu moja ya hamsini ya sekunde, mistari ya witiri, au kinyume chake. Runinga ya kichogo ilizionyesha nusu hizo kwa zamu, na jicho likaona mwendo laini. Skrini ya kompyuta huonyesha nusu zote mbili kwa pamoja. Mkono uliokuwa hapa kwenye nusu ya kwanza, umeshasogea kwenye ya pili. Hayo ndiyo meno, na ndiyo maana mzee alipotulia yalipotea.

LAV ina kanuni iitwayo YADIF ya kuyaondoa. Ukiiwasha kuna uamuzi wa kufanya: itoe fremu 25 au 50? Watu wengi huacha 25. Kwa harusi chagua 50. Kila nusu inageuzwa kuwa fremu kamili, na mwendo wote uliorekodiwa unarudi, hakuna kinachotupwa. Tofauti utaiona kwenye mikono inayopiga makofi, kwenye khanga inayopepea, na kwenye ngoma. Ukichagua 25 picha inakuwa safi lakini uchezaji una kigugumizi fulani, kama mtu anayeruka hatua.

Kuna mtego mmoja ulionichukua jioni mbili. Mkanda wa DV wa PAL huanza na nusu ya chini. DVD nyingi huanza na ya juu. Mtu aliyetengeneza DVD ya mama wa Chumbageni alihamisha kutoka DV bila kurekebisha alama za ndani, kwa hiyo faili inajitambulisha vibaya. Nilipowasha YADIF meno yakaondoka, lakini picha nzima ikaanza kutetema mbele na nyuma kila mtu alipotembea. Nilidhani nimeharibu. Dawa ilikuwa sehemu ya mpangilio wa nusu kwenye dirisha lile lile la LAV: nikaitoa kwenye otomatiki, nikaiweka ianze na ya chini. Mtetemo ukakatika pale pale. Diski nyingine hazijitambulishi kabisa kuwa ni za nusu mbili, na hizo unalazimisha kwa mkono. Chaguo la kulazimisha lipo.

Nilimpigia simu mama akaileta tena diski. Akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na meza. Mzee alipoingia ukumbini hakusema kitu. Ilipofika ile sehemu ya kugeuka, uso ukiwa mzima, akanishika mkono wangu uliokuwa kwenye kipanya ili nisisogeze. Tuliiangalia mara tatu.

Turudi kwenye programu. Jambo la pili lililonipendeza ni rangi nyeusi. Mashine yangu haina HDMI, ina DisplayPort na VGA, hivyo natumia adapta kupeleka picha kwenye runinga ya mteja. Mara nyingi suti nyeusi ya bwana harusi ilitoka rangi ya majivu. Video huhesabu mwanga kuanzia 16 hadi 235, kompyuta huhesabu 0 hadi 255, na zisipoelewana weusi unafifia, au vivuli vinazama vyote. MPC-HC ina kishedi (shader, programu ndogo ya kubadili rangi za picha) cha kunyoosha 16–235 kuwa 0–255, unakiwasha kwenye menyu na kukizima ukiona kimezidisha. Pia kuna mpangilio wa namna hiyo kwenye paneli ya chipu ya Intel. Rekebisha sehemu moja tu, ukirekebisha zote mbili utapoteza nywele za bibi harusi ndani ya giza.

Pale programu hizi zinaposhindwa ni kwenye video za simu mpya, na nalieleza bila kificho. iPhone tangu mwaka 2017, na iOS 11, zinaweza kurekodi kwa HEVC. Faili za 1080p LAV inazifungua kwa prosesa bila kusumbuka sana, na hainidai chochote, wakati Windows yenyewe hutaka nyongeza ya HEVC inayouzwa senti 99 za dola kwenye duka lake, na mimi sina kadi ya kulipia mtandaoni. Lakini mgeni akileta 4K ya fremu 60, prosesa inafika asilimia mia, feni inavuma, sauti inatangulia, picha inafuata kwa kuruka. Hakuna mpangilio utakaoiponya hiyo kwenye 840 G1. Nageuza kwanza kuwa H.264 ya 1080p kwa HandBrake, programu ya kubadilisha video; dakika tatu za video zinachukua kama robo saa. Na zile za iPhone 12 na kuendelea, zilizorekodiwa kwa HDR (mwanga na rangi za upana zaidi), ni biti 10. Kwenye MPC-HC kwa mipangilio yangu zilitoka zimepauka, ngozi za watu zimekuwa kama zimepakwa unga.

Kwa faili hizo za HDR nimeikuta mpv, programu nyingine ya kuchezea, inafanya vizuri zaidi. Inashusha mwanga wa HDR kwenye skrini ya kawaida yenyewe, na ngozi inarudi kuwa ngozi. Bonyeza i herufi ndogo utaona kodeki, fremu zilizodondoka, na kama saketi inatumika au la. Hicho kioo cha takwimu kimenifundisha mengi kuliko mtu yeyote. Ila mpv haina menyu za maana. Mipangilio unaiandika kwenye faili ya maandishi, mstari kwa mstari, na wasifu wake wa ubora wa juu ni mzito kwa chipu kama yangu. Mimi nimeandika profile=fast (wasifu mwepesi) na hwdec=auto-safe (tumia saketi pale inapofaa), basi. Kwa mzee anayetaka kubofya na kuangalia, sitampa mpv.

VLC kila mtu anaijua, ile koni ya barabarani. Ilianzia kwa wanafunzi wa École Centrale Paris, ni ya bure, haina matangazo, na toleo la 3.0 la mwaka 2018 liliwasha saketi lenyewe bila kuulizwa. DVD zenye menyu inazisoma vizuri, na ukibonyeza D inaondoa meno. Kama hutaki kugusa chochote, sakinisha VLC ulale. Mimi niliiacha kwa sababu ya ule mpangilio wa nusu, maana kwenye LAV naupata wazi mbele ya macho. Lipo jambo moja watu wengi hawalijui: VLC inabeba ving'amuzi vyake tumboni. Unaweza kusakinisha K-Lite kumi, VLC haitabadilika hata kidogo. Vivyo hivyo mpv.

Wala K-Lite haitagusa YouTube kwenye kivinjari. Wanaolalamika kwamba wamesakinisha kodeki na YouTube bado inakwama wanatibu mguu kwa dawa ya jicho. YouTube hupenda kutuma VP9 au AV1, na mashine ya kizazi cha nne haina saketi ya hizo, kwa hiyo prosesa ndiyo inayobeba mzigo. Nimeweka kiongezi kiitwacho h264ify kwenye Firefox. Kinaiomba YouTube itume H.264, na saketi yangu inaipokea kwa furaha. Unapoteza 1440p na 4K, maana H.264 yao inaishia 1080p. Skrini yangu ni ya 1600 kwa 900, sijapoteza kitu.

Kama una mashine ya kizazi cha pili hadi cha tano na kazi yako ni DVD, mikanda, na filamu za H.264, K-Lite Standard pamoja na MPC-HC zinakutosha, na naipa tano juu ya tano kwa kazi hiyo. Kwa video za simu za leo naipa tatu, na kosa si lake. Ukijiandaa kununua iliyotumika, uliza kizazi cha prosesa kabla ya kuuliza RAM. 840 G3 ni kizazi cha sita, 840 G4 ni cha saba, na hatua hiyo moja ndiyo inayotenganisha HEVC ya biti 8 na ya biti 10. Muuzaji atakuonyesha rangi ya kava na SSD. Wewe fungua Task Manager, usome jina la prosesa mwenyewe: tarakimu ya kwanza baada ya i5 na kistari ndiyo kizazi, na kama tarakimu hiyo ni 1, soma mbili za mwanzo.

Mimi naweka akiba ya G4. G1 haiuzwi. Itabaki na kisoma DVD chake pale pale, LAV ikiwa imewekwa kuanza na nusu ya chini, kwa sababu wiki iliyopita mama wa Chumbageni amenielekezea dada yake, naye ana kanda saba.